Mwalimu wa Mpira katika Chuo Kidogo: Somo juu ya Uaminifu

Someni kwanza: Mt. 25:14–30, 1 Kor. 9:24–27.

Ndugu wapendwa, Mtume Paulo hakuona haya kuchukua mfano katika uwanja wa michezo. Aliwatazama wakimbiao na wapiganao ngumi, akaona hapo fundisho la kuwafaa Wakristo. Basi na sisi tumtazame mtu mmoja wa Marekani aliyekuwa mwalimu wa mpira miaka mingi. Jina lake ni Forrest Westering, walakini watu walizoea kumwita Frosty.

Mchezo wenyewe

Mpira wa Wamarekani si huu tuuchezao kwa miguu. Umbo lake ni kama yai, nao hushikwa mikononi, hutupwa, na kukimbizwa mbele. Watu 11 huwakabili watu 11, nao huangushana kwa nguvu, hata huvaa kofia ngumu na kinga za mabega. Vyuo vikubwa vya nchi ile hucheza mbele ya maelfu ya watu, na waalimu wao hulipwa fedha nyingi mno. Lakini viko na vyuo vidogo vingi. Katika daraja la tatu la mashindano yao ni mwiko mwanafunzi kulipiwa karo kwa sababu ya uchezaji wake. Acheza kwa kuupenda mchezo tu. Katika vyuo vidogo ndimo alimofanya kazi Westering.

Kazi yake

Alizaliwa mwaka 1927 katika jimbo la Iowa. Mwaka 1962 akawa mwalimu mkuu wa mpira katika Parsons College, huko huko Iowa. Na tangu 1966 hata 1971 alikuwa katika Lea College, jimbo la Minnesota. Angalieni neno hili: vyuo hivyo viwili vyote vilifungwa mwaka 1973. Kama thamani ya kazi ingekuwa katika majengo, taabu yake ya miaka ile ingalikuwa imepotea. Lakini vijana aliowafundisha hawakufungwa pamoja na milango ya chuo.

Mwaka 1972 akaenda Pacific Lutheran University, karibu na mji wa Tacoma, jimbo la Washington. Ni chuo cha ndugu zetu Walutheri, kilichoanzishwa mwaka 1890 na watu waliotoka Norway. Akakaa hapo miaka 32, hata mwaka 2003, wala hapakuwa na mwaka hata mmoja ambao kikosi chake kilishindwa mara nyingi kuliko kilivyoshinda. Hesabu ya maisha yake yote ya kazi ni hii: alishinda mara 305, akashindwa mara 96, akatoka sare mara 7. Mwaka 1999 vijana wake walitwaa taji la daraja la tatu, baada ya kucheza michezo mitano ya mtoano bila hata mmoja kuchezwa nyumbani kwao. Alifariki mwaka 2013.

Mambo matatu ya kujifunza

1. Alipima kwa kipimo kingine. Aliwafundisha vijana kwamba mtu asijipime kwa jirani yake, bali kwa yale awezayo mwenyewe akijitoa kwa moyo wote. Kwake ushindi ulikuwa wa namna mbili: ule wa hesabu ya mchezo, na ule wa kujua kwamba hukubakiza kitu. Huu wa pili waweza kupatikana hata siku ya kushindwa.

2. Alifundisha kutumika. Vijana wake walizoezwa kumwinua mpinzani waliyemwangusha, na kutiana moyo kwa sauti. Kumwangusha mtu ni kanuni ya mchezo. Kumpa mkono asimame ni tabia ya mtu.

3. Alipaheshimu mahali pake. Aliandika kitabu ambacho jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema: pafanye pakubwa hapo ulipo. Naye aliyatenda hayo, kwa maana hakukiona chuo kidogo kuwa ngazi ya kupandia kwenda kwingine.

Neno la kujihadhari

Labda mtu atasema, “Ni vyepesi kwake kunena hivyo, maana alishinda.” Neno hili lina haki, tusilipuuze. Lakini kumbukeni zile mara 96. Tena kikosi chake kilifika katika mchezo wa mwisho wa taji mara 8, na mara 4 kilirudi nyumbani kimeshindwa. Siku hizo ndizo zilizojaribu mafundisho yake, wala hakuyabadili.

Hata hivyo tusiishie kwa Westering, kwa kuwa mwanadamu hawezi kutuhesabia haki, wala juhudi yetu haiwezi. Mwenye kujitoa kwa moyo wote naye ahitaji neema. Bwana katika mfano wa talanta alimsifu mtumwa wa talanta mbili kwa maneno yale yale aliyomsifia yule wa tano. Hakumwuliza kwa nini hakupewa zaidi. Na yule wa talanta moja hakulaumiwa kwa uchache wake, bali kwa kuifukia.

Basi, mwinjilisti mwenye mtaa mdogo, usihesabu vichwa vya ibada yako kwa huzuni huku ukiutazama usharika mkubwa wa mwenzako. Watoto saba wa kipaimara ni kundi lililokombolewa kwa damu ya Kristo. Watayarishie somo lao kama ambavyo ungewatayarishia mia saba. Na hata mtaa ule ukifungwa kesho, Neno ulilolipanda halitafungwa.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Ni kazi gani tumeifanya kwa ulegevu kwa sababu twaiona ndogo?
2. Twawezaje kushindana na mwenzetu, na bado tumwinue akianguka?
3. Kuna tofauti gani kati ya kuridhika mahali ulipo na kuwa mvivu?