Foto za vitu tunavyookota: jani kavu na theluji ya kwanza

Katika jiografia tunasoma kama Ulaya na Marekani ya Kaskazini ziko na majira nne. Leo tutazame paka mahali pamoja: pale majira ya majani kuanguka inapokwisha na baridi inaingia. Wapiga foto wengi wanapenda wakati ule, na si juu ya uzuri tu.

Kwanza, jani lenyewe. Siku zikiwa fupi, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Rangi ya njano ilikuwa mle tangu zamani, kijani iliifunika tu. Nyekundu, kwa miti mingi, inatengenezwa wakati ule ule. Halafu pale kikonyo kinaposhikana na tawi panafungwa sawa na kizibo, jani linaanguka. Mwenye kuliokota iko na siku chache: likikauka, linajikunja na kuwa kahawia.

Tena kuna mwangaza. Kule Berlin, tarehe 21 Desemba, jua la saa sita linafika karibu digrii 14 tu. Kwetu kwenye ekwateri, siku ile ile, linafika karibu 67. Jua la chini linapiga kitu ubavuni, na kila mshipa wa jani unapata kivuli chake. Sisi tunapata mwangaza ule asubuhi na jioni. Saa sita vitu vyote vinaonekana bapa.

Katika mji ule ule wa Berlin, Karl Blossfeldt alifundisha kufinyanga mpaka mwaka 1930. Aliokota mimea kando ya barabara na ya reli, vitu ambavyo watu wanakanyaga, akavipiga foto kwa aparei aliyojitengenezea, kusudi wanafunzi wake waone umbo vizuri. Kitabu chake cha mwaka 1928, Urformen der Kunst, kiko na foto 120. Lakini alizoea kukata majani yaliyomsumbua mbele ya kupiga. Je, ni uongo? Sisi tunaona hapana, kwa sababu alitaka kufundisha umbo. Kama angetaka kuonyesha namna mmea unavyoishi, jibu lingekuwa lingine.

Mwenzake wa mwaka mmoja wa kuzaliwa, 1865, ni Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont. Yeye aliokota kitu kigumu zaidi: chembe ya theluji. Aliipokea juu ya kibao cheusi, akaihamisha kwa kijiti, akaiweka chini ya mikroskopi iliyounganishwa na aparei. Chumba hakikuwa na moto, na pumzi yake alizuia, maana pumzi tu inaiyeyusha. Foto ya kwanza aliipata tarehe 15 Januari 1885. Akapiga zaidi ya 5.000. Naye alikwangua negativu kusudi nyuma ya chembe pawe peusi, na wataalamu wa Ujerumani wakamlaumu. Kwa yeye tunasita zaidi, maana foto zake zilikuwa za sayansi.

Kazi ya juma hili: kila mmoja alete ganda la mbegu au jani kavu, aliweke karibu na dirisha saa kumi na moja ya jioni, karatasi nyeupe upande wa kivuli. Wenye aparei wapige. Wengine wachore, na waandike chini kila kitu walichokata.