Habari za Televisheni: Nani Asema, na kwa Faida ya Nani?

Saa mbili usiku, katika nyumba nyingi za Ikungi na katika vibanda vya chai kando ya barabara kuu, watu hunyamaza wapate kusikiliza taarifa ya habari ya televisheni. Taarifa ikisha, utamsikia mmoja akisema, "Ni kweli, nimeona kwa macho yangu." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike somo hili. Mtu huyo hakuona jambo lenyewe. Ameona alichoonyeshwa, na kilichaguliwa na mtu mwingine. Basi yatupasa kumjua mchaguzi huyo, na kujua kama ana faida yake mwenyewe ndani ya habari ile.

Televisheni si kitu cha zamani kwetu kama redio. Zanzibar walianza mwaka 1973. Bara tulikaa bila kituo chetu kwa miaka ishirini zaidi. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji mwaka 1993, na mwaka 1994 vikaanza vituo vya watu binafsi, kama CTN na ITV. Televisheni ya Taifa ilifuata nyuma yao, nayo ndiyo iliyokuwa TBC. Kwa hiyo kila kituo kina mwenyewe, awe mfanyabiashara au Serikali, naye huwa na shughuli zake nyingine.

Hapo ndipo huzaliwa jambo tuliitalo mgongano wa masilahi. Maana yake ni hii: mtu amepewa kazi ya kuwatumikia watu wote, na wakati huohuo ana faida yake, au ya ndugu yake, au ya tajiri wake, katika jambo lilelile. Mgongano peke yake si kosa bado. Refa ambaye mwanawe yumo uwanjani huenda hajapiga filimbi ya uongo hata mara moja. Lakini akitoa penalti, nani atamwamini? Wazee walikwisha sema kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Natutazame mfano ambao kila mwanafunzi aujua. Azam FC na Azam TV ni vya kundi moja la makampuni, la Bakhresa. Mwaka 2021 Azam Media ilitia sahihi mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Basi siku Azam FC inapocheza na Singida Black Stars, mtangazaji na mpiga picha hulipwa na mwenye timu mojawapo. Sisemi kwamba wanapendelea. Sina ushahidi huo, na asiye na ushahidi hana haki ya kushtaki. Nasema tu kwamba wana mzigo zaidi ya wengine. Goli lenye shaka hapana budi walionyeshe kwa uaminifu uleule, likiwa la wenye nyumba au la wageni.

Mgongano wa pili ni mdogo kwa umbo, lakini hula ndani kama mchwa. Huitwa bahasha. Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila habari iliyotoka. Tubuni mfano. Wakulima wa alizeti wanalalamika kwamba mizani ya kiwanda fulani cha kukamua mafuta inawapunja. Mwenye kiwanda anamwita mwandishi, anampa gari, anamlisha wali na kuku, na wakati wa kuagana anamtilia mkononi bahasha, akisema ni nauli. Usiku ule twaona mitambo inayong'aa na mwenye kiwanda akitabasamu. Wakulima walikuwa nje ya lango, wala hawakuulizwa neno. Angalieni sana: hakuna picha hata moja ya uongo, lakini habari nzima ni ya uongo. Mkono mtupu haulambwi. Na aliyelipia bahasha ile ni mkulima, kwa magunia yake.

Tusiwe wepesi wa kumlaani mwandishi. Yeye naye ana watoto. Kituo kinachomtuma kazini bila kumpa nauli kinamsukuma mikononi mwa mwenye bahasha. Dawa ya kwanza, basi, ni ujira wa haki.

Mgongano wa tatu hutoka kwa wenye mamlaka. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliingia katika kituo cha Clouds pamoja na askari wenye silaha. Kamati iliyoundwa na Waziri wa Habari ilichunguza, ikaeleza kwamba alitaka habari fulani irushwe, na kwamba watayarishaji wa kipindi hawakuirusha kwa kuwa upande wa pili ulikuwa haujasikilizwa. Wengi hukumbuka bunduki. Mimi nataka mkumbuke sababu ya kukataa. Kanuni ya kusikiliza pande zote ni rahisi kuiandika daftarini, lakini siku ya kuishika huweza kuwa ngumu namna ile.

Kanuni za maadili ya kazi hii zipo, nalo Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, huzisimamia. Kwa ufupi: usipokee zawadi ya kukufunga mdomo, msikilize anayelaumiwa, ukiwa na faida katika jambo, litangaze au mwachie mwenzako, ukikosea, sahihisha waziwazi.

Mwisho, tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau. Gazeti hili huandikwa na wanafunzi, nalo husomwa na walimu kabla ya kupigwa chapa. Mwandishi wetu akieleza habari za chakula cha bweni, yeye hula chakula hicho, na mwalimu anayesahihisha ndiye msimamizi wake. Huo nao ni mgongano. Tumeusema, ili msomaji atupime.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mgongano wa masilahi na rushwa.
2. Tazama taarifa moja ya habari. Nani alisemeshwa? Nani alistahili kusemeshwa asisemeshwe?
3. Iandike upya habari ya kiwanda cha alizeti kwa haki, bila kumwonea mwenye kiwanda wala wakulima.