Hana Alikula Kabla ya Jibu

Somo: 1 Samweli 1:7–18

Vijana wetu wa Kitale na Bungoma wanangoja KUCCPS itangaze nani ameitwa chuo gani. Mmoja ameniambia, "Pasta, naangalia simu hata saa nane usiku. Ugali haushuki."

Namwelewa. Mimi niliomba udaktari, nikaitwa kusomea biashara. Nililia. Leo ni hiyo biashara inanisaidia kupiga hesabu za sadaka zenu.

Hana naye alikuwa halii tu, hata chakula kilimshinda. Lakini tazama mstari wa 18: baada ya kuomba, na Eli kumbariki, alienda akala, na uso ukachangamka. Samweli alikuwa bado hajazaliwa! Hakutulia kwa sababu amejibiwa. Alitulia kwa sababu amemwachia Mungu.

Kijana, kozi ulishachagua, na alama haziongezeki kwa kukesha na simu. Omba, kisha kula, ulale. Ukiitwa usikotaka, kuna njia ya kuomba uhamisho.

Mzazi, usimuulize kila saa, "Imetoka?" Mpikie, mketi mle pamoja. Jibu likija, liwe lolote, bado ni mtoto wako.