Wafuasi Wengi, Wanunuzi Wachache

Swali: Muuzaji mdogo wa vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, mwenye wafuasi wengi Instagram lakini wanunuzi wachache, afanye nini?

Jibu: Wafuasi, yaani watu waliochagua kuona machapisho ya akaunti fulani, huwa wateja pale tu wanapopata taarifa za kutosha na kumwamini muuzaji. Kwa hiyo desturi ya kuficha bei na kumtaka mteja aiulize faragha humkosesha muuzaji mauzo, kwa kuwa wengi hupita bila kuuliza. Chini ya kila picha paandikwe bei, idadi ya yadi, aina ya kitambaa na gharama ya kutuma mzigo mikoani kwa basi. WhatsApp Business, programu iliyozinduliwa mwaka 2018, ina katalogi, yaani orodha ya bidhaa zenye picha na bei, na pia huwezesha ujumbe mmoja kutumwa kwa watu wengi kwa pamoja, ingawa humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya muuzaji, ndiyo maana kila mnunuzi aombwe kuihifadhi. Matangazo ya kulipia yafuate baadaye, kwani hayawezi kuliokoa duka lisilojibu wateja wake.