Utata: Neno "Baraza"

Utata ni hali ya neno au tungo kuwa na maana zaidi ya moja. Fasili hii watahiniwa wengi wanaikumbuka. Shida huanza wanapotakiwa kutoa mifano. Karibu wote hukimbilia "paa", "kaa" na "mbuzi". Si kosa, ila msahihishaji amekwisha kuichoka. Tazama tungo hii:

Babu ameitwa barazani.

Kaitwa wapi? Baraza ni sehemu ya mbele ya nyumba ambapo watu huketi kuzungumza, kama zile za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar. Baraza pia ni watu wenyewe wanaokutana kushauriana au kusimamia jambo: Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar (1980), na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa 1973, ambalo ndilo litakalokutahini. Nchini Kenya chifu akiitisha mkutano wa wananchi, huo nao ni baraza. Hata gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 liliitwa Baraza.

Maana ya kisheria ndiyo yenye hatari. Chukua mfano wa hapa Rhotia: Babu anagombania mpaka wa shamba la mahindi na jirani yake. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, wanawake wakiwa angalau 3, na kazi yake ni kusuluhisha. Babu asiporidhika na suluhu hiyo, anaweza kuikataa. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa upande wake, husikiliza shauri na kutoa uamuzi. Asipoukubali, itambidi akate rufaa Mahakama Kuu. Basi mtu aliyeambiwa tu "njoo barazani", akadhani ni maongezi ya kawaida, anaweza kukosa kufika siku shauri lake linaposikilizwa.

Ili kuondoa utata, taja chombo kwa jina lake kamili au ongeza maneno yanayoonesha mazingira:

Babu ameitwa na Baraza la Ardhi la Kijiji.
Babu ameitwa kunywa kahawa kwenye baraza ya jirani.

Zingatia kuwa jina la chombo maalumu huanza kwa herufi kubwa. Katika mazungumzo herufi kubwa haisikiki, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Zoezi
"Mwalimu aliwakuta wazee barazani." Eleza maana mbili za tungo hii, kisha iandike upya mara mbili ili kila maana ibaki peke yake.