SOMO LA KOMPYUTA: DISKI MPYA IMETIWA, MASHINE HAIFUNGUKI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wenye kutumia kompyuta wanaombwa walisome somo hili kabla ya kuandika barua ya kutaka mashine ifutwe katika orodha ya mali za afisi. Imedhihirika kwamba baadhi ya mashine zinazopelekwa stoo kwa maelezo kuwa zimekufa baada ya kubadilishwa diski hazikufa hata kidogo. Hazikuelekezwa tu pa kuanzia.

Mwandishi aliyashuhudia hayo katika afisi moja ambayo hapana haja ya kuitaja. Diski iliharibika, fundi akaleta mpya, akaitia, akawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, kisha kioo kikaandika “No bootable device”, yaani hakuna kifaa chenye kuweza kuianzisha mashine. Fundi akahukumu kwamba ubao mama nao umeungua, na barua ikaandikwa. Lililo zito zaidi ni kwamba diski ya zamani, iliyokuwa na daftari la malipo ya wastaafu, ilitiwa katika kapu la taka pamoja na boksi la ile mpya. Ikaokolewa na mhudumu wa usafi, ambaye hakuona vyema kutupa kitu kizima bila ya kuuliza. Mashine yenyewe ilifunguka siku ya pili yake, kwa kubadilisha neno moja tu katika mpangilio wake.

Ili neno hilo lifahamike, ni lazima kwanza kujua mashine inafanya nini inapowashwa. Ndani ya ubao mama imo programu ndogo ambayo haikai katika diski, na kwa hiyo haifi pamoja na diski. Kazi yake ni kukagua kumbukumbu na kibodi, kisha kutafuta diski na kuikabidhi kazi. Zipo njia mbili za kutafuta. Ya zamani ni ya BIOS, iliyoanza na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981: inasoma baiti 512 za mwanzo kabisa za diski na kufuata maagizo inayoyakuta humo. Ya pili ni UEFI, ambayo jumuiya ya kuisimamia iliundwa mwaka 2005. Hii haizitegemei baiti hizo. Inatafuta sehemu maalumu ndani ya diski na kufungua faili lililowekwa humo kwa kazi hiyo. Ni kama matarishi wawili: mmoja ameambiwa apeleke barua mlango wa kwanza baada ya msikiti, wa pili ameambiwa aulizie mwenye barua kwa jina. Ukiwabadilishia maagizo, kila mmoja atarudi na barua yake mkononi, na nyumba ipo pale pale.

Basi pindi mashine isipofunguka, swali la kwanza ni jepesi, nalo ndilo linalosahauliwa: je, katika diski hiyo mpya kimetiwa kitu? Diski itokayo dukani aghalabu ni daftari jeupe. Haina Windows wala mfumo mwengine wowote, na kioo kinaposema hakuna cha kuanzia kinasema kweli tupu.

Swali la pili ni kama mashine inaiona diski. Ingia katika mpangilio kwa kubonyeza kitufe mara tu baada ya kuwasha: kwa Dell aghalabu ni F2, kwa HP ni F10, na mashine nyingi nyengine ni F2 au Del. Ikiwa jina na ukubwa wa diski havionekani, lawama si ya Windows. Ni ya waya au tundu. Zima, chomoa umeme, toa waya zote mbili za diski, ule wa umeme na ule wa habari, kisha uzirudishe kwa kukaza. Kwa diski nyembamba mfano wa kadi, zinazoitwa M.2, kuna mtego: zipo za aina ya SATA na za aina ya NVMe, umbo lao karibu moja, na si kila tundu linakubali zote mbili. Mashine za zamani huweza hata kuiona ya NVMe mfumo ukishafunguka, lakini zisiweze kuanzia kwayo.

Ikiwa diski inaonekana na mfumo umo, basi tumefika penye kisa cha afisi ile. Diski ilikuwa imepangwa kwa njia ya zamani, na mashine ilikuwa inatafuta kwa UEFI peke yake. Nani aliyeibadilisha? Hakuna. Betri ndogo ya duara katika ubao mama, ile ya CR2032 yenye volti 3, ilikwisha nguvu zamani. Fundi alipochomoa umeme, mpangilio wote ukarudi kama ulivyotoka kiwandani. Dalili ilikuwa wazi, kwani saa ya mashine ilionesha mwaka uliokwishapita miaka mingi. Ndiyo maana tunashauri betri hiyo ibadilishwe siku ile ile ya kubadilisha diski. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na barua moja ya kufuta mali.

Pahala hapo hapo huwepo chaguo jengine, la namna mashine inavyozungumza na diski: AHCI, RAID au IDE. Likibadilika baada ya Windows kutiwa, kioo huweza kuwa cha buluu na kuandika “INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE”. Kabla ya kugusa chochote, andika katika karatasi neno ulilolikuta.

Wapo pia wanaonakili diski ya zamani kuipeleka katika mpya, nao hunakili sehemu ya C pekee. Faili za afisi zote zinakuwemo, lakini ile sehemu ndogo ya kuanzishia, ambayo kwa Windows mara nyingi ni ya megabaiti 100, imeachwa nyuma. Nakili diski nzima. Likishatokea, anzisha mashine kwa flashi yenye Windows, na fundi anaweza kuiunda upya sehemu hiyo na kuijaza kwa amri ya bcdboot. Diski ya zamani iwe imechomolewa wakati wa jaribio la kwanza, la sivyo hutajua mashine imeanzia wapi.

Anayetia mfumo upya azingatie kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 inadai UEFI. Asirudishe njia ya zamani kwa mazoea tu. Na ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa tarakimu 48 utafutwe kabla ya kubadilisha mpangilio, kwani mashine huweza kuuomba papo hapo.

Diski iliyotolewa isitupwe wala isifomatiwe. Itiwe katika bahasha, iandikwe tarehe, namba ya mashine na jina la aliyeitoa, na ifungiwe kabatini. Ikiwa inagonga-gonga isiwashwe tena na tena kwa kujaribu bahati. Kila kuwashwa huweza kuizidishia maradhi. Diski ya afisi ile ilisomwa kwa waya wa USB katika mashine nyengine, na sehemu kubwa ya daftari la wastaafu ikapatikana. Kurasa zilizokosekana ziliandikwa upya kutoka katika stakabadhi za karatasi, kazi iliyowachukua makarani wawili wiki nzima.