Dhambi Ina Mwenyewe

Adamu alipoulizwa na Mungu habari ya tunda, alimtaja mkewe. Eva naye akamtaja nyoka. Tangu siku ile sisi wana wao hatukosi wa kumtwika makosa yetu. Mlevi huwataja rafiki zake, mwizi umaskini wake, mume mkali ulimi wa mkewe. Hata mbele ya padre twapiga magoti, kisha twasimulia dhambi za jirani.

Kweli, Kanisa lafundisha kwamba ujinga, hofu na shuruti huweza kupunguza hatia, pengine hata kuiondoa. Lakini tulipojua na kuridhia kwa hiari, dhambi ina mwenyewe.

Tumtazame mfalme Daudi. Alimtwaa mke wa Uria, kisha akaagiza Uria awekwe mahali pa kuuawa vitani. Nabii Natani alipomkabili, Daudi hakumlaumu mwanamke, wala Yoabu aliyetimiza amri yake. Alikiri kwamba yeye amemkosea Bwana, naye akasamehewa.

Mtaguso Mkuu wa Trento, mwaka 1551, ulitaja matendo matatu ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Majuto na maungamo hayatumwi mtu. Tena haki yadai aliyeiba arudishe, na aliyesingizia asafishe jina aliloliharibu.

Basi, ndugu msomaji, tukienda kuungama tuwaache jirani zetu nyumbani. Dhambi tusiyokubali kuwa ni yetu, twaombaje tusamehewe?